Kwa nini Gillray alimchora Napoleon mfupi, na nani alilipia?

Mwalimu wa Kidato ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na kila tunapofika kwa Napoleon huwa ninabandika ubaoni nakala ya kibonzo ambacho wengi wenu mmekiona vitabuni. Wanaume wawili wameketi mezani, na kati yao kuna pudini kubwa ya mviringo inayofuka mvuke, ile keki ya zabibu ya kuchemshwa ambayo Waingereza huila Krismasi, isipokuwa pudini hii ni dunia yenyewe na juu yake imechorwa ramani. Mmoja wao, mrefu na mwembamba kama ufito, ni William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza. Mwenzake, mdogo wa umbo, mwenye kofia ya manyoya iliyomzidi kichwa, ni Napoleon, mtawala wa Ufaransa, naye imembidi ainuke kitini ili aufikie mlo. Kila mmoja anajikatia kipande chake. Mchoraji ni James Gillray, na tarehe iliyochongwa chini ya picha ni 26 Februari 1805.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikikipitia kibonzo hiki kwa dakika tano na kuendelea na vita vya Trafalgar. Mwaka huu wanafunzi wamenibana. Mmoja ameuliza kwa nini tunatumia kama ushahidi picha inayomwonyesha Napoleon akiwa mfupi, ilhali kitabu hicho hicho, kurasa mbili mbele, kinasema hakuwa mfupi. Mwingine amesema kwamba ikiwa serikali ya Uingereza ilimlipa mchoraji, basi hiyo ni tangazo la vita, na haifai kuitwa maoni ya wananchi. Wa tatu ameuliza swali lililoniacha nikiwa nimeshika chaki hewani: imekuwaje mchoraji amdhihaki adui, na papo hapo, katika picha ile ile, amdhihaki waziri mkuu wake mwenyewe wakati wa vita, na asiwekwe ndani?

Nimeahidi kurudi na majibu. Naomba mwenye ujuzi wa mambo haya anisaidie, na asiogope kuandika kwa urefu.

Mkaazi wa Mto Thames amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Ninaishi London, na katika British Museum kuna chumba cha kusomea michoro ambamo mtu wa kawaida, akiomba nafasi mapema, huletewa karatasi zenyewe mezani. Nimekaa na karatasi za Gillray mara kadhaa, kwa hiyo nitajaribu kuwajibu vijana wako.

Suala la urefu ni jepesi kuliko linavyodhaniwa. Napoleon alipofariki kisiwani St Helena mwaka 1821 mwili wake ulipimwa, na kipimo kilichoandikwa kilikuwa futi 5, inchi 2 na ziada kidogo. Hizo zilikuwa futi na inchi za Ufaransa ya zamani, ambako inchi moja ilikaribia sentimita 2.7, wakati inchi ya Kiingereza ni sentimita 2.54. Ukizibadilisha inavyostahili unapata karibu sentimita 169, kimo cha kawaida kwa Mfaransa wa wakati ule. Ukizisoma kana kwamba ni za Kiingereza unapata sentimita 157, na ufupi unakuwa umepata cheti cha daktari. Lakini angalia mfuatano wa miaka: kosa hilo la vipimo lilikuja kuthibitisha jambo ambalo picha zilikuwa zimekwisha kulieneza miaka 18 kabla yake.

Na hapa ndipo ningependa wanafunzi wako wakae kwa muda, kwa sababu ufupi wa Napoleon una tarehe ya kuzaliwa. Desemba 1798, baada ya Nelson, kamanda wa meli za vita za Uingereza, kuziteketeza meli za Ufaransa kwenye mdomo wa mto Nile, Gillray alimchora Napoleon akipokea habari hiyo: amesimama, ameshika upanga, anaapa kuwafuta Waingereza juu ya uso wa dunia. Ni mtu wa kutisha na wa kuchekesha kwa pamoja, lakini si mfupi. Kisha ukaja mkataba wa amani wa Amiens wa 1802, amani ambayo haikufikisha miezi 14, na tarehe 1 Januari 1803 Gillray aliichora amani yenyewe kama afisa Mfaransa mwembamba akimbusu bibi mnene ambaye ndiye Uingereza. Tarehe 13 Machi mwaka huo Napoleon alimfokea balozi wa Uingereza, Lord Whitworth, mbele ya wageni katika jumba la Tuileries. Tarehe 18 Mei Uingereza ikatangaza vita. Siku sita baadaye, tarehe 24 Mei, dukani kukatundikwa picha ya Boney mdogo, maana Bonaparte alikwisha kukatwa jina pamoja na kimo, akiwa ameshikwa na kichaa: anapiga mateke samani, tufe la dunia limeanguka chini, na kutoka kinywani mwake yanamwagika maneno mengi ya hasira, yakiwamo malalamiko dhidi ya magazeti ya Kiingereza. Mwezi mmoja baadaye amesimama juu ya kiganja cha Mfalme George III, ambaye anamchungulia kwa darubini kama mtu anayekagua mdudu. Wazo hilo limetoka katika kisa cha Gulliver alipofika kwenye nchi ya majitu. Mwezi mwingine ukapita, na kichwa chake kikachorwa kimechomekwa kwenye uma wa kuvunia majani, ati saa 48 baada ya kutia mguu pwani ya Uingereza.

Katika miezi hiyo hiyo Napoleon halisi alikuwa akikusanya jeshi upande wa pili wa mlango wa bahari, Boulogne, tayari kuvuka. Alikuwa hajawahi kuwa mkubwa na wa hatari kwa Waingereza kama alivyokuwa wakati huo. Ndiyo kusema alipunguzwa kimo na watu waliokuwa hawalali usingizi kwa ajili yake. Kwa hiyo akikuuliza kijana kwa nini tunatumia picha isiyosema kweli, ningemjibu kwamba haitupi ushahidi wowote juu ya mwili wa Napoleon, ila inatupa ushahidi mzito juu ya hofu iliyokuwa matumboni mwa Waingereza katika kiangazi cha 1803.

Kuhusu malipo, jibu lina pande mbili, na upande mmoja haupendezi. Gillray alikuwa mtu wa biashara. Aliishi juu ya duka la Hannah Humphrey, mwanamke mchapaji na muuzaji wa picha, ambaye kuanzia 1797 duka lake lilikuwa namba 27, St James's Street, mtaa wa vilabu vya mabwana na wanasiasa. Picha isiyo na rangi iliuzwa takriban shilingi moja, na yenye rangi shilingi mbili au zaidi, fedha iliyokaribia ujira wa kibarua wa siku nzima. Waliokuwa nazo walinunua. Baadhi ya maduka yalikodisha majalada mazima ya picha kwa jioni moja ili wageni wa karamu wapate cha kuchekea. Na wasiokuwa nazo walisimama nje, kwa maana kila picha mpya ilitundikwa kwenye vioo vya dirisha. Gillray mwenyewe ameichora barabara hiyo mwaka 1808: mzee mmoja ameteleza na kuanguka chali kwa sababu ya barafu, na nyuma yake umati umemgeuzia mgongo, umezama katika picha za dirishani, bila hata mmoja kumtazama aliyeanguka. Ilikuwa michapo kwa maana zote mbili za neno hilo.

Upande wa pili ni huu. Januari 1796 Gillray alikamatwa kwa sababu ya picha moja iliyomhusu mtoto mchanga wa mwana mfalme, iliyochukuliwa kuwa ni kufuru. Kesi haikufika popote. Muda si mrefu akawa karibu na George Canning, mwanasiasa kijana wa upande wa Pitt, na kuanzia 1797 akawa anapokea pensheni ya siri ya pauni 200 kwa mwaka. Ilikatika 1801 Pitt alipojiuzulu. Vibonzo vya 1803 na cha pudini cha 1805 vilikuja baada ya hapo, katika biashara ya dukani. Lakini mkono uliovichora ulikuwa umekwisha kuonja mshahara wa wakubwa, na sitawaficha wanafunzi jambo hilo.

Shaba na Tindikali amejibu:

Mkaazi amemaliza mengi. Mimi ni mchapaji wa picha kwa mabamba ya shaba, fundi wa mikono na si msomi wa historia, na nina machache ya kuongeza, kwa sababu hoja ya malipo inaeleweka vizuri zaidi ukijua kazi yenyewe inavyofanyika.

Unachukua bamba la shaba lililosuguliwa hadi likawa kama kioo, unalipaka nta, kisha unachora juu ya nta kwa sindano, ukiifunua shaba mahali unapotaka mstari. Bamba linatiwa tindikali. Penye nta hapaliki, penye mstari panachimbika. Nta ikishaondolewa unapaka wino, unafuta juu ili wino ubaki ndani ya mifereji peke yake, unaweka karatasi yenye unyevu, na unapitisha vyote kati ya magogo mawili ya mashine kwa nguvu nyingi. Picha inatoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Maana yake ni kwamba maneno yote yale yanayomtoka Napoleon kinywani katika kibonzo cha kichaa, na ni maneno mengi kwelikweli, Gillray aliyachonga kinyumenyume, herufi moja baada ya nyingine, kama ilivyo desturi ya fundi wa bamba. Nimejaribu kuchonga sentensi mbili tu kwa namna hiyo na nikakosea herufi ya tatu. Ukikumbuka kwamba picha ilikuwa mtaani siku sita baada ya vita kutangazwa, unaona ni mtu wa aina gani aliyekuwa akifanya kazi katika chumba kile cha juu ya duka.

Rangi haikuchapwa. Karatasi zilitoka na wino mweusi, kisha zikapakwa rangi za maji kwa mkono, moja moja, na wapakaji wa kulipwa waliofuata kielelezo kilichowekwa mbele yao. Ndiyo sababu nakala mbili za picha ile ile hazilingani: hapa koti la Pitt ni jekundu la kuiva, pale limefifia.

Na tarehe ile unayoisoma chini, Mwalimu, haikuwekwa kwa ajili ya wanahistoria. Tangu 1735 sheria ya Uingereza, ambayo mchoraji William Hogarth aliipigania, ilimlinda mwenye picha dhidi ya wanaomwigia kazi, kwa sharti kwamba jina la mwenye mali na siku ya kutolewa vichongwe kwenye bamba. Kwa hiyo tunao uwezo wa kumfuatilia Napoleon akipungua kimo mwezi kwa mwezi kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanaogopana kuibiana. Kama serikali ndiyo ingekuwa inachapa na kugawa bure, nadhani tusingekuwa na kumbukumbu safi namna hii.

Mzee wa Barazani amejibu:

Nimewasoma vijana wangu kwa furaha, lakini naona jibu la swali la tatu limepita pembeni, na lile la pili limepakwa asali.

Mnasema soko, mnasema dirisha, mnasema uhuru. Ni kweli kwamba Napoleon kwa upande wake alikuwa hana subira na dhihaka: Januari 1800, mara tu aliposhika hatamu, alifunga magazeti 60 kati ya 73 ya Paris, na wakati wa amani ya Amiens aliidai serikali ya Uingereza iwazibe midomo wachapaji wake. Lakini mngewaambia wanafunzi na sehemu ya pili. Serikali hiyo ya Uingereza ilimpeleka mahakamani Jean Peltier, Mfaransa mkimbizi aliyekuwa akichapa gazeti London, kwa kosa la kumkashifu Napoleon, na Februari 1803 baraza la mahakama likamkuta na hatia. Aliokolewa na vita tu. Ilipotangazwa Mei hukumu ikawa haina maana tena, maana hakuna anayemfunga mtu kwa kumtukana adui. Basi uhuru wa kumdhihaki Napoleon ulikuwa mlango uliofunguliwa na kufungwa kwa kufuata haja za wakubwa, na Gillray alipita mlangoni siku ambayo ulikuwa wazi.

Pili, tuitazame pudini yenyewe. Kila anayeandika kuhusu picha hii humkazia macho Napoleon, anayekata Ulaya kwa upanga. Mimi hupenda kuwauliza watu: kipande cha Pitt ni kipi, na ni kikubwa kiasi gani? Pitt ameshika uma wenye ncha tatu kama mkuki wa mungu wa bahari, na amejikatia bahari yote upande wa magharibi pamoja na visiwa vya Karibi. Kipande chake kinazidi cha mwenzake. Na pudini ni chakula gani? Ni zabibu za kuletwa kwa meli, na sukari. Mwaka 1805 sukari ya Waingereza ilitoka kwenye visiwa vile vile ambavyo uma wa Pitt umevichoma, na iliyoilima ni mikono ya Waafrika watumwa. Biashara ya kuwasafirisha haikupigwa marufuku na bunge lao hadi 1807. Sidai kwamba Gillray alikusudia yote hayo. Maneno yaliyoandikwa juu ya picha yanasema tu kwamba tufe zima ni dogo mno kwa tamaa kubwa kiasi hicho, na hilo linawahusu walaji wote wawili. Lakini mwanafunzi wa kwetu anayeitazama picha hii ana haki ya kuuliza ni nani aliyeipika, na aliyepika hayumo mezani.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la tatu, kwa maoni yangu. Pitt kuchorwa kama mlafi hakukumtia hofu Pitt. Mwingereza aliyekuwa akitazama dirishani alicheka, na kisha akaridhika kuona kipande cha nyumbani ndicho kikubwa. Kuna dhihaka inayompunguza mtu na kuna dhihaka inayomtekenya. Napoleon alipata ya kwanza, Pitt akapata ya pili.

Sisi wa pwani mchezo huu hatuuonei ugeni. Miaka hiyo hiyo Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akiwarushia watu wa Lamu beti za kejeli, na Zahidi Mngumi wa Lamu akimrudishia, wakati majahazi ya vita yakiandaliwa. Ila kwetu adui alijibu kwa bahari ile ile ya ushairi.

Mwalimu wa Kidato ameandika:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Hoja ya sukari nitaipeleka darasani kama ilivyo. Nina pingamizi dogo: kama dhihaka ya Gillray kwa wakubwa wa nyumbani ilikuwa ya kutekenya tu, mbona nimesoma kwamba alimchora mfalme wake mwenyewe kwa namna ambayo siwezi hata kuionyesha shuleni?

Mkaazi wa Mto Thames amejibu:

Unakumbuka sawasawa, Mwalimu. Novemba 1793 Gillray aliichora ramani ya Uingereza kama mwili wa George III, na mwili huo unaishambulia Ufaransa kwa mashua ambazo zinatoka sehemu usiyotaka niitaje. Mwaka mmoja kabla alimchora mfalme huyo huyo kama bahili anayekula yai la kuchemsha, na mwanawe, mrithi wa ufalme, kama mlafi aliyefura tumbo akichokonoa meno kwa uma. Huo haukuwa mtekenyo, Mzee wangu, nadhani utanikubalia. Lakini zote hizo ni za kabla ya pensheni ya 1797, na kadiri vita na Napoleon vilivyopamba moto mfalme katika michoro ya Gillray aligeuka: bahili wa 1792 ndiye yule jitu mtulivu wa 1803 anayemshika Boney kiganjani. Adui alipopungua, mfalme aliongezeka. Kwa hiyo nusu ya hoja yako ninaikubali, na labda ni ile nusu iliyo muhimu.

Binti wa Kivukoni amejibu:

Naomba niingie kwa upole, kwa sababu mjadala umebaki London peke yake, na mwisho wa Napoleon haukuandikwa London.

Mwaka 1812 jeshi lake lilipovunjika Urusi, wachoraji wa kule, Ivan Terebenev akiwa maarufu kuliko wenzake, walitoa michoro kwa mtindo uliokaribiana na picha za kienyeji ambazo wakulima walizoea kuzibandika ukutani. Wao hawakumpunguza Napoleon kwa kimo. Walimpunguza kwa heshima. Katika mchoro mmoja wakulima wanamchezesha ngoma kwa filimbi ya Kirusi, na kiboko kikiwa karibu. Katika mwingine wanajeshi wa Kifaransa waliokondeana wanagombania supu ya kunguru, na kichekesho kile kinauma zaidi ukijua kwamba njaa ile ilikuwa ya kweli. Baadaye Terebenev alitengeneza hata alfabeti ya picha kwa ajili ya watoto, kila herufi na dhihaka yake. George Cruikshank, kijana aliyekuja kushika nafasi ya Gillray London, alizichukua baadhi ya picha hizo za Kirusi na kuzichonga upya kwa Kiingereza mwaka 1813. Kwa hiyo adui mmoja alikuwa akidhihakiwa kwa kuazimana kutoka nchi hadi nchi.

Wajerumani walikwenda mbali zaidi, na kwangu mimi picha yao ndiyo nzito kupita zote. Baada ya Napoleon kushindwa Leipzig, Oktoba 1813, ndugu wachapaji wa Berlin, akina Henschel, walitoa sura ya Napoleon ya kutazama upande, ndogo, nadhifu, kama picha ya heshima unayoweza kuiweka sebuleni. Ukiisogelea unaona kwamba uso wote umefumwa kwa maiti zilizolaliana. Kofia ni tai aliyejikunyata. Kola ya koti ni bahari nyekundu ya damu. Juu ya koti kuna ramani yenye majina ya mahali alipopigwa, na bega lake ni mkono mkubwa ambao vidole vyake vinaurarua utando wa buibui uliotandwa kifuani. Hakuna cha kucheka hapo. Picha hiyo iliigwa katika nchi nyingi za Ulaya ndani ya muda mfupi, na London ilitolewa na mchapaji Ackermann. Ninaitaja kwa sababu inatoa mwanga kwa swali la mwanafunzi wa kwanza: Gillray alidanganya kuhusu kimo, lakini wachoraji wa Berlin walichukua sura iliyo sahihi kabisa na wakaitengeneza kwa vitu vilivyotokea kweli. Nani kati yao alisema kweli, sijui kama darasa litakubaliana, na nadhani hilo ndilo linalofaa kuwaachia wabishane.

Kwa upande wa Wafaransa, wapenzi wa Napoleon nao walikuwa na hila yao. Alipokuwa amefungwa kisiwani Elba, ua la urujuani likawa alama ya kwamba atarejea, na mwaka 1815 zikatoka picha za fungu la maua ambamo, ukitazama nafasi zilizo kati ya majani, unaona nyuso za Napoleon, mkewe na mwanawe. Polisi angeona maua.

Shaba na Tindikali ameongeza:

Binti amenikumbusha jambo kuhusu mwisho wa Gillray mwenyewe. Macho yalianza kumsaliti, na kwa fundi wa sindano hakuna msiba unaopita huo. Alizidisha pombe, na kufikia 1811 akili ilikuwa imemwacha. Aliwahi kujaribu kujirusha kutoka dirisha la juu la nyumba ile ile ambayo watu walikusanyika chini yake kutazama kazi zake. Hannah Humphrey alimtunza mpaka mwisho. Alifariki tarehe 1 Juni 1815, siku 17 kabla ya Waterloo. Aliyemchonga Boney mdogo hakumwona akianguka.

Mwalimu wa Kidato ameandika:

Ndugu zangu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Wiki ijayo nitabandika cha Desemba 1798 na cha Mei 1803 kimoja kando ya kingine, nikiwa nimeziba tarehe kwa karatasi, na nitawaacha wanafunzi waniambie kipi kilitangulia na kwa nini. Cha pudini kitakuja baadaye, na swali la Mzee kuhusu mpishi nitaliandika juu yake kwa chaki. Kuna kingine ambacho mngenishauri nikiongeze?

Mkaazi wa Mto Thames amejibu:

Ongeza kile cha muokaji, Mwalimu. Napoleon amesimama mbele ya tanuri na kuvuta nje kwa koleo refu wafalme waliotengenezwa kwa mkate wa tangawizi, wa moto bado: wa Bavaria, wa Württemberg na wa Baden. Mbili za kwanza zilikuwa zimetangazwa falme siku chache tu kabla, Januari mosi 1806. Nyuma yake Talleyrand, waziri wake wa mambo ya nje, anakanda donge la kundi litakalofuata. Muokaji huyu bado ni mfupi, lakini hana hasira tena, ana shughuli. Anafanya kazi kama mtu ambaye hakuna wa kumzuia, na tofauti hiyo na kichaa wa 1803 wanafunzi wataiona bila kusaidiwa. Waonyeshe na tarehe iliyochongwa chini: 23 Januari 1806. Ndiyo siku aliyofariki Pitt, mlaji mwenzake wa mwaka uliotangulia.

Picha yake inapatikana kwenye tovuti ya British Museum. Ichapishe kwa karatasi ya A3 ikiwezekana, kwa maana kwenye ukubwa wa daftari maandishi ya mlangoni mwa tanuri hayasomeki.